Black Flag: Mchezo Uliofuzu Baharini na Kupwaya Nchi Kavu

Katika michezo yote ya video ya mapigano na safari ambayo nimewahi kuicheza, hakuna ulionishika kama Assassin's Creed IV: Black Flag, na hakuna ambao nimeubishia moyoni zaidi kuliko huo. Ulitolewa na kampuni ya Ubisoft mwishoni mwa Oktoba 2013 kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360, kisha mwezi uliofuata ukaingia kwenye PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Kazi kubwa ilifanywa na studio ya Montreal nchini Kanada, nayo studio ya Singapore ikachangia katika sehemu za bahari. Michezo yenye picha kali zaidi imekuja tangu wakati huo, lakini hapa Mombasa bado naona vijana wakiutafuta, hasa wenye kompyuta za kawaida nyumbani, kwa kuwa katika mabanda ya PlayStation wateja wengi huja kucheza mpira na ni nadra mtu kukubali kulipia saa nyingi za hadithi. Naamini kwamba ubora wa mchezo huu wote umetoka baharini, ilhali karibu kila udhaifu wake unaanza pale nahodha anaposhuka nchi kavu. Na kuna jambo moja zito ambalo mchezo unalibeba ngamani, ndani ya tumbo la chombo, tangu mwanzo hadi mwisho bila kulitazama usoni.

Kwa asiyeujua, mhusika mkuu ni Edward Kenway, kijana wa Wales aliyemwacha mkewe Caroline nyumbani akaenda kutafuta mali katika Bahari ya Karibi. Hadithi inaanza mwaka 1715, wakati vita vya Uingereza na Hispania vimekwisha na mabaharia waliokuwa wakiteka meli za adui kwa kibali cha serikali wamebaki bila kazi, na wengi wao wakaendelea na ufundi ule ule bila kibali. Edward anamuua mtu mmoja aliyekuwa mwanachama wa kundi la siri la wauaji, anavaa nguo zake, anaingia Havana kwa jina la marehemu, na kutoka hapo anajikuta katikati ya ugomvi wa zamani ambao haumhusu wala hautaki. Pembeni yake wamo watu waliokuwapo kweli katika historia, wakiwemo Edward Thatch aliyejulikana kama Blackbeard, Benjamin Hornigold, Charles Vane, Anne Bonny na Mary Read, na mji wa Nassau katika visiwa vya Bahama ndio makao yao. Nitagusia yaliyowapata baadhi yao, basi aliye katikati ya mchezo na ajue hivyo.

Uzuri wa bahari ya Black Flag hauko katika rangi ya maji peke yake, ingawa maji hayo ni mazuri. Uko katika jinsi kila kitu unachokifanya kinavyolisha kitu kingine. Unasimama penye usukani wa Jackdaw, merikebu yako yenye milingoti miwili, unaona matanga kwa mbali, unatoa darubini. Darubini inakuonyesha aina ya chombo, nguvu zake na shehena iliyomo: sukari, ramu, vitambaa, mbao au vyuma. Sukari na ramu ni za kuuza. Vitambaa, mbao na vyuma ni za kuiimarisha merikebu yako. Kwa hiyo kabla mzinga mmoja haujalia, umeshapiga hesabu: je, ninachokihitaji kimo mle, na je, mbavu zangu zitastahimili mizinga yake? Ukiizamisha merikebu ile, unapata nusu tu ya shehena, na nusu nyingine inakwenda chini. Ukitaka yote, huna budi kuilemaza, kuisogelea ubavu kwa ubavu, kurusha kulabu na kuivamia kwa miguu huku mabaharia wako wakiruka pamoja nawe.

Hapo ndipo mchezo unapofanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivyo kwingineko. Dakika moja wewe ni nahodha unayefyatua minyororo kutoka omo, yaani mbele ya chombo, ili kuvunja milingoti ya adui na kudondosha mapipa ya moto tezini, nyuma yake, ili kumzuia anayekufuata. Dakika inayofuata unabembea kwa kamba kutoka chombo chako hadi chao, bila skrini kuzima na bila pazia la kupakia, na bahari ile ile inaendelea kuwayumbisha nyote wawili. Ukishinda, unachagua cha kuifanyia merikebu uliyoiteka: kutengenezea mbavu za Jackdaw, kupunguza hasira za wawinda maharamia wanaokusaka, au kuiongeza katika kundi lako la meli. Kila uamuzi una faida yake na hakuna ulio sahihi siku zote. Ukiwa umetoka vitani na mbavu zimetoboka, kisha ukaona manowari nyingine ikija, unajua mara moja kwa nini hukupaswa kuwa na tamaa.

Tufani nayo imetengenezwa kwa heshima. Mvua inaziba macho, vimbunga vya maji vinasimama wima kama minara, na wimbi kubwa linapokuja unapaswa kulielekezea omo na kuwaamuru watu wajishike, kwa sababu ukilipokea ubavuni utapoteza mabaharia. Mjomba wangu, aliyefanya kazi katika majahazi yaliyoleta boriti kutoka Lamu, aliwahi kuketi nami nikicheza sehemu kama hiyo. Nilimwambia, "Mjomba, hebu tazama, hii ndiyo merikebu yangu." Akatazama kitambo kisha akauliza, "Na upepo watoka wapi?" Ni swali la haki kabisa, na mchezo haumlazimishi mchezaji kulijua jibu lake. Unaweza kuelekeza omo moja kwa moja kwenye upepo, ukafungua matanga yote, na chombo kikaendelea tu. Kwa mtu wa pwani hii, ambako tangu enzi na enzi safari zilipangwa kwa kaskazi na kusi, na ambako nahodha asiyejua goshi na demani, yaani upande unakotoka upepo na ule unakokwenda, hakabidhiwi hata mashua, huo ni upungufu mkubwa. Naelewa kwamba watengenezaji hawakutaka kumchosha mchezaji kwa kwenda mshazari saa nzima ili afike kisiwa kilicho mbele ya macho yake, lakini nadhani wangeweza kutoa nafasi hiyo kwa wanaoitaka. Mjomba hakuukataa mchezo kwa hilo. Alipoona Jackdaw ikipanda wimbi na omo ikipotea ndani ya povu, alisema, "Wimbi lao lakini ni wimbi kweli, mwanangu," na nikamwamini yeye kuliko uchambuzi wowote niliowahi kuusoma.

Mkazi wa Mombasa ana sababu nyingine ya kuvutiwa. Katika mchezo huu kuna ngome kando ya bahari ambazo lazima uzishambulie kwa mizinga kutoka majini, ukibomoa minara yake mmoja baada ya mwingine, kisha ushuke, uingie ndani na kumuua kamanda. Ukiiteka ngome, eneo lote linalolindwa nayo linafunguka kwenye ramani yako. Sisi tunaipita Ngome ya Yesu tukienda sokoni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ilizingirwa na Waarabu wa Omani kuanzia 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698, yaani miaka 17 tu kabla ya hadithi ya Edward kuanza. Aliyepanda juu ya kuta zile na kutazama mlango wa bandari anaelewa mara moja kwa nini aliyeishika ngome aliishika biashara nzima, na mchezo unalieleza hilo kwa vitendo, bila hotuba. Hata kupiga mbizi kwenye mabaki ya meli zilizozama, sehemu ambayo wachezaji wengi huipita haraka kwa sababu papa wanasumbua na hewa ni chache, kwetu ina maana yake: frigeti ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 chini ya ngome yetu wakati wa kuzingirwa huko, na waakiolojia waliichimbua chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vilivyotolewa humo vinaonekana katika jumba la makumbusho ndani ya ngome.

Siwezi kuacha kuzitaja nyimbo. Kadiri unavyosafiri, mabaharia wako wanaanza kuimba nyimbo za kazi, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na nyimbo mpya unazipata kwa kufukuza karatasi zinazopeperushwa na upepo juu ya mapaa ya miji. Kuna safari ambazo nilikuwa na njia ya mkato ya kufika papo hapo nikaikataa ili wimbo umalizike.

Sasa tushuke nchi kavu. Sehemu kubwa ya misheni za hadithi inakutaka umfuate mtu bila kuonekana, au ubaki karibu na watu wawili wanaotembea polepole ili usikilize mazungumzo yao. Ukisogea sana wanakuona, ukibaki nyuma unawapoteza, na kwa vyovyote vile unarudishwa nyuma kuanza upya na kusikiliza maneno yale yale. Mara moja ni sawa, mara mbili inavumilika, lakini mchezo unalirudia jambo hili hata linachusha, na kuna mahali ambapo merikebu nzima inapaswa kuinyatia merikebu nyingine mtoni. Kinachoniudhi ni kwamba baharini mchezo umenifundisha kuamua mwenyewe. Nimezoea kuangalia hali, kupima hatari na kubuni njia. Nikishuka gatini Havana au Kingston, mchezo ule ule unaniambia nitembee hapa, nisimame pale, nisikilize, nisitoke ndani ya duara. Nahodha anageuzwa mpeleka barua.

Mapigano ya upanga yanapendeza macho lakini hayana kina kirefu. Unasubiri adui apige, unabonyeza kitufe cha kuzuia, unammaliza, na wenzake kwa kiasi kikubwa wanangoja zamu yao. Bastola nne kiunoni na mishale ya sumu inayopulizwa inaongeza raha, hasa ile inayomfanya askari awageukie wenzake, lakini baada ya muda unahisi huna wa kumwogopa. Kupanda kuta na kukimbia juu ya mapaa kunakwenda vizuri mara nyingi, isipokuwa pale unapokusudia kuingia mlangoni ukajikuta umeng'ang'ania ukuta. Porini hali ni nafuu zaidi: majani marefu, miti iliyoinama na kambi ndogo za askari vinakupa nafasi ya kujipangia shambulio unavyotaka, na hapo nchi kavu inakaribia uhuru wa bahari.

Kuhusu sehemu za wakati wetu huu, ambapo mchezaji anatolewa ghafla kwenye merikebu na kuwekwa katika ofisi za kampuni isiyo ya kweli iitwayo Abstergo Entertainment, akitembea kwenye korido na kufungua kompyuta za wafanyakazi wenzake, nitasema tu kwamba zinakata uhondo na kwamba anayependa simulizi kuu la mfululizo wote wa Assassin's Creed atapata humo vipande vya kumfaa.

Wahusika ndio wanaoiokoa hadithi isizame pamoja na misheni zake. Edward si shujaa tangu mwanzo. Ni mtu mwenye tamaa anayejiambia kwamba akipata mali ya kutosha atarudi nyumbani, na kila akipata anaona haijatosha. Marafiki zake wanaondoka mmoja mmoja. Hornigold anapokea msamaha wa mfalme na kuwageuka wenzake, Thatch anauawa mwaka 1718 kama ilivyokuwa katika historia, na Mary Read anafia gerezani Jamaika. Sehemu hiyo ya Mary imeandikwa kwa utu mwingi. Hakuna pambano kubwa la kuufunika uchungu wake. Kuna mwanamke mgonjwa aliyetoka kujifungua, mtu anayembeba, na maneno machache anayomwachia. Niliuweka mkono mbali na kidhibiti nikakaa.

Mhusika ninayemheshimu kuliko wote, hata hivyo, ni Adéwalé, msaidizi mkuu wa Edward katika Jackdaw. Alizaliwa mtumwa katika kisiwa cha Trinidad. Anajua bahari, anajua watu, na mara nyingi busara zake ndizo zinazomzuia Edward asijiangamize. Walipoipata merikebu pamoja, mwenye haki ya kuwa nahodha angeweza kuwa yeyote kati yao, na Adéwalé anamweleza Edward waziwazi kwamba wengi wa mabaharia wale wasingekubali kuongozwa na mtu mwenye sura yake. Ni mazungumzo mafupi, na yana uzito kuliko misheni kadhaa zinazoyafuata.

Hapo ndipo nafikia lile jambo zito. Nilisema kwamba sukari ni shehena ya kuuza. Katika mchezo mzima utateka sukari kwa maelfu, utaiuza, utanunulia mizinga. Mashamba ya miwa yamo visiwani, na mchezo unakupa kazi ya kuyavamia, lakini unachokitafuta shambani ni mtu mwenye ufunguo wa ghala. Unamwibia au unamuua, unafungua mlango, unabeba mali, unaondoka. Sukari ya Karibi katika miaka ile ilikatwa, ikakamuliwa na kuchemshwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na kila kipimo kilichomo katika ngama ya Jackdaw kina mikono iliyokitoa. Mchezo unalijua hilo, kwani umemuumba Adéwalé na kumpa historia yake, lakini katika mfumo wake wa biashara sukari ni tarakimu kwenye kona ya skrini. Mtu aliyekulia Mombasa hawezi kulipita jambo hili kirahisi. Tunashuka matatu Kengeleni, mahali palipopewa jina kutokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907 tu. Sidai kwamba mchezo wa maharamia ugeuke somo la darasani. Nadai kwamba mchezo unaonipa darubini ya kuona shehena ndani ya merikebu ya mbali ungeweza kunionyesha pia ilikotoka.

Watengenezaji wenyewe, nadhani, waliliona pengo hili. Desemba 2013 walitoa nyongeza iitwayo Freedom Cry, ambayo baadaye iliuzwa pia peke yake, na humo Adéwalé ndiye nahodha. Mwaka ni 1735, mahali ni Port-au-Prince na bahari inayouzunguka, wakati Haiti ya leo ilikuwa koloni la Ufaransa likiitwa Saint-Domingue. Ufundi wa baharini ni ule ule, lakini umegeuzwa kwa namna moja yenye nguvu: unapokutana na merikebu iliyobeba watumwa, huwezi kuifyatulia mizinga ovyo, kwa kuwa kila risasi inayoigonga inawaua waliofungwa ndani. Inakubidi uzivunje meli zinazoilinda kwanza, kisha uivamie. Mkono uliozoea kufyatua katika mchezo mkuu unalazimika kujizuia, na fikra inafuata mkono. Kuelekea mwisho kuna merikebu inayozama huku Adéwalé akiwa ndani, maji yakipanda na minyororo ikiwa imewashikilia watu kwa safu, naye hawezi kuwaokoa isipokuwa wachache. Sijui sehemu nyingine ya mfululizo huu iliyosema ukweli kwa ujasiri namna hiyo.

Lakini hata Freedom Cry ina kasoro yake, tena ni ya aina ile ile. Idadi ya watu unaowakomboa inahesabiwa na kukufungulia silaha na vifaa bora, kiasi kwamba mchezaji anaweza kujikuta akizunguka mjini kutafuta watu wa kukomboa ili apate panga zuri zaidi. Ni fupi pia. Inakwisha wakati Port-au-Prince imeanza kuwa mji unaoufahamu. Ningefurahi kama Ubisoft wangempa Adéwalé mchezo mzima.

Badala yake, kilichozaliwa kutokana na bahari ya Black Flag ni Skull and Bones, kazi ya studio ya Singapore iliyotangazwa mwaka 2017 na kutolewa Februari 2024 baada ya kuahirishwa mara nyingi. Huo umewekwa katika Bahari ya Hindi, na mojawapo ya maeneo yake ni pwani ya Afrika, kwa hiyo niliusubiri kwa hamu kuliko watu wengi. Mapigano ya meli ni mazuri na vyombo ni vya aina nyingi. Walichokiondoa ndicho kilichokuwa moyo wa mzee wake: unaposogea ubavu kwa ubavu na kurusha kulabu, huruki tena. Unaonyeshwa kipande kifupi cha picha, shehena inaingia, basi. Kati ya nahodha na upanga wake limewekwa pazia, na bahari yetu wenyewe imepata mchezo usiomruhusu mtu kukanyaga sitaha ya adui.

Anayetaka kuanza leo namshauri aanze na Black Flag yenyewe kwenye kompyuta au PlayStation 4, na aende polepole. Asizikimbilie misheni za hadithi. Akisha kuikabidhiwa Jackdaw, azime baadhi ya alama zinazojaza skrini, aimarishe mbavu za merikebu kabla ya mizinga, ateke ngome mbili tatu, ndipo arudi kwa Edward na matatizo yake. Zile meli kuu zilizo kwenye pembe nne za ramani aziache hadi mwisho, kwani ndizo zinazompima nahodha kweli. Ajue pia kwamba hakuna Kiswahili katika mchezo huu, wala katika maandishi ya chini ya skrini, hivyo asiyejua Kiingereza vizuri atahitaji mtu wa kumfasiria. Na kwa sababu ya damu, ulevi na lugha iliyomo, mchezo umewekewa alama ya watu wazima, jambo ambalo wazazi wenye kompyuta sebuleni wanapaswa kulizingatia. Freedom Cry aicheze mara tu amalizapo, kabla mkono haujasahau usukani.